Cape Verde: Ukame uliwatawanya, mpira ukawakusanya

UNAKUMBUKA Oktoba 2018? Taifa Stars ya Emmanuel Amunike ilikwenda Praia ikapigwa 3-0, siku nne baadaye ikawangoja Cape Verde Dar es Salaam na kuwachapa 2-0, mabao ya Simon Msuva na Mbwana Samatta. Kundi lilipomalizika Machi 2019, Uganda na Stars wakaenda AFCON kule Misri. Cape Verde wakashika mkia, nyuma hata ya Lesotho.

Hao walioshika mkia ndio waliofuzu Kombe la Dunia 2026. Oktoba 13, 2025 waliifunga Eswatini 3-0 pale Praia na kumaliza juu ya Cameroon. Na Cameroon si mara ya kwanza kuumizwa na visiwa hivi. Ndivyo vilivyowanyima AFCON ya 2013, ambako Cape Verde, wakishiriki kwa mara ya kwanza, walifika robo fainali chini ya kocha Lúcio Antunes, ambaye kazi yake ya mkate ilikuwa kuongoza safari za ndege.

Swali la kijiweni ni moja: nchi ya watu wapatao nusu milioni imewezaje? Zanzibar peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu karibu milioni 1.9. Utajibiwa haraka kwamba jamaa wanaokota vijana waliozaliwa Ulaya. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Hao vijana walifikaje Ulaya, na kwa nini wakiitwa wanakuja?

VISIWA VISIVYO NA MVUA

Jina lenyewe linadanganya. Cape Verde maana yake rasi ya kijani, lakini rasi hiyo iko Senegal. Visiwa viko kama kilomita 600 baharini magharibi yake, vipo 10, tisa vina watu, na vingi ni mawe na vumbi. Kisiwa cha Fogo ni mlima wa volkano wenye mita 2,829, ambao mwaka 2014 ulilipuka na kufunika vijiji kwa uji wa moto.

Hakukuwa na mtu pale hadi Wareno walipofika karne ya 15. Mwaka 1462 wakaanzisha mji wa Ribeira Grande, leo unaitwa Cidade Velha, ukawa kituo cha biashara ya watumwa waliotolewa bara. Mchanganyiko wa watumwa hao na Wareno ndio uliozaa watu wa Cape Verde na lugha yao, Kikrioli. Kireno ni cha ofisini. Nyumbani na mtaani ni Kikrioli.

Mvua ikikosekana, watu walikufa. Njaa za miaka ya 1940 peke yake ziliua maelfu kwa maelfu, na mkoloni akiangalia. Aliyeweza kuondoka aliondoka. Karne ya 19 meli za kuvua nyangumi kutoka New Bedford, Marekani, zilikuwa zikichukua vijana wa Brava na Fogo kuwa mabaharia. Wengine walipelekwa kwa mikataba ya kikatili kwenye mashamba ya kakao ya São Tomé. Miaka ya 1960 mabaharia wengi wakahamia Rotterdam, Uholanzi. Leo wenye asili ya visiwa hivi walioko nje ni wengi kuliko waliobaki. Msikilize Cesária Évora, yule mama wa Mindelo aliyeimba morna jukwaani bila viatu, utausikia huo uchungu wa kuagana hata kama hujui neno moja la Kikrioli.

Sasa tazama kikosi. Dailon Livramento, aliyefunga bao pekee lililoizamisha Cameroon Septemba 2025, kazaliwa Rotterdam. Jamiro Monteiro, Rotterdam. Logan Costa, Ufaransa. Kikosi hicho ni ramani ya njaa ya mababu.

KURA 12

Uhuru ulikuja Julai 5, 1975, baada ya vita vya PAIGC ya Amílcar Cabral vilivyopiganwa kwenye misitu ya Guinea-Bissau, na Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyokuwa na makao Dar es Salaam ikisaidia. Cabral mwenyewe hakuuona. Aliuawa Conakry Januari 1973.

Chama kimoja kilitawala hadi 1991, kikashindwa uchaguzi, kikaondoka kwa amani. Mwaka 2001 kura ya urais iliamuliwa kwa tofauti ya kura 12. Ndiyo, 12, na nchi haikuwaka moto. Katika nchi ya namna hiyo kura ya baharia aliyeko Rotterdam ina uzito, na ndiyo maana kati ya wabunge 72, sita huchaguliwa na walioko nje.

Kwa hiyo kocha Rui Águas alipomtafuta beki Roberto Lopes, mzaliwa wa Dublin mwenye baba wa Cape Verde, hakuwa anakodi mgeni. Alimwandikia LinkedIn kwa Kireno. Lopes akadhani ni matangazo ya matapeli, akaupuuza ujumbe miezi kadhaa, hadi kocha alipomwandikia tena kwa Kiingereza. Leo ni nguzo ya ulinzi.

Kwetu mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, anapoteza wa Tanzania. FIFA nayo inataka uraia kwanza, jezi baadaye. Tunaweza kubishana kuhusu uraia pacha kwa sababu nyingi nje ya mpira, na zipo za msingi. Ila tusijifanye tunashangaa wenzetu wanapotupita.

Wala si Ulaya tupu. Kocha Bubista ni mtu wa kisiwa cha Boa Vista na aliwahi kuwa nahodha wa timu hiyo. Kipa Vozinha katoka Mindelo. Bao la tatu dhidi ya Eswatini, lile lililoangusha uwanja, lilifungwa dakika za nyongeza na Stopira, mtoto wa Praia mwenye miaka 37.

Droo imewapa Hispania, Uruguay na Saudi Arabia. Mechi zote tatu watachezea Marekani, kule kule zilikoelekea meli za nyangumi.