Nauli Nafuu Pekee Hairushi Ndege

WAHENGA walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Methali hii yafaa kukumbukwa mjini Isiolo, ambako uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa rasmi mwaka 2017 baada ya kugharimu karibu shilingi bilioni 2.7. Jengo lake la abiria lilikusudiwa watu 125,000 kwa mwaka. Mwaka huo huo FlySax, kampuni dada ya Fly540, ilianza safari za kutoka Wilson, Nairobi. Hata hivyo, safari hizo hazikuota mizizi.

Itakumbukwa kuwa kwa miaka mingi anga ya Kenya ilitawaliwa na shirika la serikali. Masharti yalipolegezwa katika miaka ya tisini, na Kenya Airways kubinafsishwa mwaka 1996, wafanyabiashara walijitosa. Fly540 iliingia mwaka 2006, jina lake likitokana na nauli ya shilingi 5,540 ya kwenda Mombasa na kurudi. Watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege wakaipanda.

Lakini mafuta na vipuri hununuliwa kwa dola, ilhali nauli hulipwa kwa shilingi. Tena kiti kikiruka kitupu, hasara yake haifidiki kesho. Jetlink ilisimama mwaka 2012 fedha zake zilipokwama Sudan Kusini. Fastjet ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2012, ilizimika mwishoni mwa 2018 huku mamlaka ya anga ikiidai. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Fly540 kusimamisha safari.

Je, kulegeza masharti kulikuwa kosa? La, hasha. Jambojet, iliyoanza safari mwaka 2014, imedumu kwa kuwa nyuma yake kuna Kenya Airways. Tatizo ni kuufungua mlango bila kupima mtaji wa anayeingia, na bila kumlinda abiria aliyekwisha kulipa nauli.

Kwa Isiolo kuna la ziada. Njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 tu, hivyo ndege kubwa za mizigo haziwezi kuitumia. Nyama ya wafugaji na miraa ya majirani wa Meru, bidhaa ambazo zingeweza kuugawana mzigo wa gharama na abiria, hulazimika kwenda Nairobi kwa barabara. Abiria naye ana lami nzuri na matatu za kila siku. Kwa nini alipe zaidi?

Ni dhahiri basi kwamba serikali haina budi kurefusha njia hiyo na kuhakikisha kwamba mizigo inapatikana, kabla ya kuzialika kampuni nyingine. Mwalimu wa biashara akitaka mfano wa kuwafunza wanafunzi tofauti kati ya bei na gharama, asiende mbali. Bei hutangazwa na mwenye kampuni. Gharama haimsikilizi mtu.