Usiseme "ni uzee tu"

Bibi wa Busunzu, wilayani Kibondo, anayeshinda shambani akipalilia maharage na jioni akarudi na mzigo wa kuni kichwani, huenda hana cheti cha kuzaliwa. Akiulizwa umri atataja matukio: Uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, Vita vya Kagera. Yatosha. Aliyezaliwa kabla ya Desemba 1961 ameshavuka miaka 60, na kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 huyo ni mzee. Kama hana uwezo, anastahili kutibiwa bure.

Lakini 60 ni mpaka wa kiofisi. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016, ilichagua 70. Ujerumani nayo ilianza na 70 mwaka 1889, kisha ikashusha hadi 65 mwaka 1916.

Mwili hauzeeki wote kwa siku moja. Lenzi ya jicho hukakamaa kidogo kidogo, ndiyo maana kuanzia miaka ya arobaini mtu husogeza simu mbali ili asome. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini, na kasi huongezeka baada ya 60. Mifupa ya mwanamke hudhoofu haraka hedhi ikishakoma. Lishe, kazi, sigara na presha isiyotibiwa huwatenganisha hata waliozaliwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri tuangalie mtu anaweza nini. Kipimo kimoja unaweza kukifanya nyumbani: mzee akunje mikono kifuani, asimame kutoka kitini na kuketi mara tano. Zikizidi sekunde 14, apelekwe akachunguzwe.

Kinachoniuma ni sentensi tunayowaambia wazazi wetu kila wanapolalamika: ni uzee tu. Mtoto wa jicho huja na umri, ndiyo, lakini hutolewa kwa upasuaji mfupi, lenzi bandia ikawekwa, na mtu akaona tena. Tunamwacha baba akipapasa ukuta miaka mitano kwa ugonjwa unaotibika! Usikivu ukipungua, pengine ni nta iliyoziba sikio.

Na mzee aliyekuwa timamu juzi, leo akaanza kuchanganya majina ya wanawe na kuweweseka, hajazeeka kwa siku mbili. Huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo.