Njia ya Vumbi Haitaki Mpweke

Ukitoka Nairobi upande wa kusini, ukapita Kiserian na kufika mahali panapoitwa Corner Baridi, Bonde la Ufa lote linaonekana chini yako. Kutoka hapo hadi Ziwa Magadi barabara inashuka zaidi ya meta 1,000, na baridi ya asubuhi inayowafanya watu wafunge makoti hugeuka joto linaloweza kukaribia nyuzi 40. Pembeni ya lami zinachepuka njia nyingi za vumbi: njia za ng'ombe, njia za magari ya kuleta maji, njia za kwenda kwenye maboma ya Wamaasai, na nyingine zinazofika Nguruman na Shompole, karibu na mpaka wa Tanzania. Ndizo zinazowavuta wapenzi wa pikipiki mwishoni mwa wiki. Wengi wanaotamani matembezi ya namna hii huanza kwa kuuliza habari za mashine: pikipiki gani, injini ya ukubwa gani, tairi za aina gani. Hayo yana umuhimu wake, lakini hayastahili kutangulia. La kwanza ni kujua nani anakwenda nawe, na mmekubaliana nini kabla ya kuondoka. Kwenye njia za mashambani na nyikani, usalama wa mwendeshaji hutegemea wenzake na utaratibu wao kuliko ubora wa chombo anachokipanda.

Sababu ya kwanza iko ardhini. Kwenye lami kavu tairi hushika barabara, na mkono ukikaza breki ya mbele pikipiki hutii. Kwenye changarawe tairi hukanyaga vijiwe vinavyobingirika. Gurudumu la mbele likifungwa na breki, haliongozwi tena, na mtu yuko chini kabla hajajua kilichotokea. Mchanga nao humeza gurudumu la mbele na kuuyumbisha usukani, na anayeogopa akakata mafuta ghafla huongeza uzito mbele na kuzama zaidi. Udongo mweusi wa tambarare za Kajiado una tabia yake: kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha hunata kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Juu ya yote hayo, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukaza breki huongezeka karibu mara nne. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde, na ndani ya vumbi la mwenzake huenda asione hata nusu ya umbali huo. Ndiyo maana waliozoea husimama juu ya vikanyagio ili magoti yameze mitikisiko, hupunguza upepo wa tairi, hutazama mbali badala ya kutazama gurudumu, na huacha nafasi kubwa kati ya pikipiki na pikipiki mpaka vumbi litulie. Hilo la nafasi haliwezi kufanywa na mtu mmoja, kwa kuwa ni mapatano ya watu.

Mapatano yenyewe si magumu. Kundi linalojua kazi yake huwa na kiongozi anayeijua njia, na huwa na mfunga msafara, ambaye kwa kawaida ndiye mzoefu kuliko wengi na ndiye aliyebeba vifaa vya kuziba pancha na vya huduma ya kwanza. Wengine hukaa kati yao. Kundi likifika njia panda, aliye nyuma ya kiongozi husimama hapo na kuonyesha njia mpaka mfunga msafara afike. Kisha naye huingia kundini, na kwenye njia panda inayofuata zamu humwangukia mwingine. Kwa namna hiyo watu sita wanaweza kutandazwa umbali wa kilomita kadhaa, kila mmoja mbali na vumbi la mwenzake, na asipotee hata mmoja. Pale ambapo hakuna wa kusimama njia panda, kila mtu humlinda aliye nyuma yake: asipomwona kwa muda, husimama, aliye mbele naye asipomwona yeye, husimama, mpaka habari imfikie kiongozi bila simu wala king'ora. Matokeo yake ni kwamba kundi zima linakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na hapo ndipo faida ilipo. Mgeni wa mchanga halazimiki kukimbia kupita uwezo wake ili asiachwe, kwa sababu anajua hataachwa.

Sababu ya pili ni kile kinachofuata baada ya kuanguka, maana kwenye njia za vumbi kuanguka hakukosi kutokea. Helmeti haina mjadala: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Ila helmeti hufanya kazi wakati wa kuanguka tu. Kabla ya hapo na baada ya hapo, anayefanya kazi ni mwenzako. Pikipiki ya kawaida ya vumbi huwa na uzito unaokaribia au kuzidi kilo 100, na zile kubwa za safari ndefu hupita kilo 200. Ikikulalia mguu kwenye korongo kavu chini ya jua la Magadi, huhitaji ushauri, unahitaji mikono. Wapanda milima wana hesabu ya zamani inayofaa hapa pia: kundi dogo lisipungue watu wanne. Mmoja akiumia, mmoja hubaki naye, na wawili huenda kutafuta msaada, kwa kuwa anayekwenda peke yake anaweza kuanguka naye akawa mgonjwa wa pili asiyejulikana alipo.

Historia ya mchezo huu yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine, akishiriki mbio za Abidjan hadi Nice, alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Sahara na kunusurika kufa kabla ya kupatikana. Kutokana na mkasa huo alianzisha mbio za Paris-Dakar, ambazo msafara wake wa kwanza uliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Mbio hizo ni kali kuliko matembezi yoyote ya Jumamosi, na wanaozishiriki wanagombea dakika. Hata hivyo, mshindani anayesimama kumhudumia mwenzake aliyeumia hurudishiwa muda alioupoteza. Mwaka 2020, mbio hizo zilipofanyika nchini Saudi Arabia, Mreno Paulo Gonçalves alipoanguka, Toby Price wa Australia, aliyekuwa bingwa mtetezi, aliacha kukimbia akabaki kumsaidia. Gonçalves hakupona. Ikiwa wanaogombea ushindi wa dunia wamewekewa utaratibu wa kusimama na kusaidiana, watu waliotoka kustarehe hawana udhuru wa kuachana.

Lipo pingamizi zito, nalo linasema kinyume kabisa: kwamba kundi ndilo linaloua. Vijana wakiwa wengi hushindana, mwoga huona haya kupunguza mwendo mbele ya wenzake, na aliye nyuma hukimbiza vumbi ili asichekwe. Ni kweli hayo hutokea. Lakini tukiyatazama vizuri, hayo ni mambo ya mkusanyiko wa watu ambao kila mmoja anakwenda safari yake, wakikutana tu kwenye kituo cha mafuta. Hakuna kiongozi aliyeteuliwa, hakuna anayejua wako wangapi, na anayesifiwa ni aliyefika wa kwanza. Dawa yake ni kubadili kinachosifiwa. Kundi lenye adabu humheshimu mfunga msafara kuliko mwenye kasi, na anayempita kiongozi mara mbili haalikwi tena. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa pikipiki tuongeze kwamba pole hiyo lazima iwe ya wote, kwani mmoja akikimbia huwavuta wengine.

Pingamizi la pili ni la bodaboda. Mbona yeye hupita njia hizo hizo kila siku, peke yake, amebeba abiria na gunia la mkaa, tena kwa tairi za kawaida? Hoja hiyo ina nguvu kwa juu tu. Bodaboda wa kijijini analijua kila shimo la njia yake, anajua korongo gani hujaa mvua ikinyesha milimani, na kila kilomita mbili yuko mtu anayemjua kwa jina. Akichelewa, stendi nzima huuliza. Yeye hayuko peke yake hata kidogo. Kundi lake ni kijiji. Mgeni wa mjini hana kijiji hapo, kwa hiyo lazima aje nacho. Wengine husema kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada kinatosha. Kifaa hicho ni kizuri, hasa mahali pasipo mtandao wa simu, lakini kazi yake ni kuita. Hakiinui pikipiki, hakifungi jeraha linalovuja damu, wala hakimpi maji aliyezidiwa na joto.

Limebaki pingamizi la wenyeji, na hilo linastahili heshima kuliko yote. Njia hizi ni ua wa watu. Olkiramatian na Shompole ni maeneo ya jamii za Wamaasai, na wafugaji wa huko wana utaratibu wao wa malisho, pamoja na maeneo waliyoyatenga kwa wanyamapori. Pikipiki kumi zikipita kwa kishindo hutawanya mbuzi, hutia vumbi kwenye maji, na huacha alama mpya kwenye nyasi ambazo mvua itazigeuza mifereji. Jibu la haki si kuwaambia wenyeji wavumilie. Jibu ni kundi dogo, mwendo wa chini karibu na boma, injini kuzimwa ng'ombe wanapovuka, kutotoka nje ya njia iliyopo, na kuomba ruhusa na kulipa pale jamii inapotoza ada. Yote haya yanahitaji utaratibu ule ule unaowalinda waendeshaji wenyewe, kwani kundi lisiloweza kumngoja mtu wake haliwezi kumngoja mchungaji.

Basi wewe unayepanga safari ya Jumamosi, kagua cheni, breki na tairi. Chukua maji ya kutosha, lita tatu au zaidi kwa kila mtu ukielekea bondeni. Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Kisha, kabla injini hazijawashwa, kaeni pamoja mteue kiongozi na mfunga msafara, mkumbushane kanuni ya njia panda, na mjihesabu. Jioni mjihesabu tena. Hesabu hizo mbili zikilingana, safari ilikuwa nzuri, hata kama hamkufika mlikokusudia.