Je, Wajua? Alma Thomas Aling'ara Baada ya Kustaafu

Mchoraji wa Marekani Alma Thomas, aliyezaliwa mwaka 1891, alifundisha sanaa katika shule moja ya Washington kwa miaka 35. Alipostaafu mwaka 1960 ndipo alipojitosa kikamilifu katika sanaa dhahania. Katika kazi hizo za dhahania hakuchora sura za watu wala majumba. Alipanga vipande vifupi vya rangi kali, safu kwa safu au duara ndani ya duara, kama shanga zilizotungwa, huku weupe wa turubai ukichungulia katikati. Bustani na safari za anga za juu zilimpa mawazo. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kufanya maonyesho ya peke yake katika Makumbusho ya Whitney, New York. Mchoro wake Resurrection, wa mwaka 1966, sasa ni mali ya Ikulu ya Marekani.