Jinsi wataalamu wanavyoopoa vyombo vya sayansi chini ya barafu

MVUVI akitega dema baharini, huacha boya likielea juu ya maji ili kesho ajue pa kulitafuta. Mwanasayansi anayechunguza bahari zilizofunikwa na barafu hana nafasi hiyo. Boya likiachwa juu, barafu inayosukumwa na upepo na mikondo italikokota pamoja na kila kilichofungwa nalo.

Kwa sababu hiyo, vifaa vya kupima joto, chumvi na mwendo wa maji hufungwa kwenye kamba ndefu inayosimama wima ndani ya bahari. Chini huwekwa nanga nzito. Juu huwekwa maboya ya kuivuta kamba, lakini nayo huachwa makumi ya mita chini ya uso wa maji, yasije yakagongwa na miamba ya barafu inayoning'inia. Vifaa hivyo hukaa humo mwaka mzima au zaidi, vikihifadhi kila vinachopima.

Hapo ndipo shida huanzia. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari ila kwa kina kidogo mno, hivyo vifaa hivyo haviwezi kutuma habari kwa setilaiti. Matokeo yote yamo ndani ya kifaa chenyewe. Kisipoopolewa, jasho la mwaka mzima limepotea.

Badala ya redio, wataalamu hutumia sauti, ambayo husafiri baharini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde. Hutoboa barafu, wakateremsha kipaza sauti na kutoa mlio maalumu. Kifaa kilichofungwa karibu na nanga huitikia. Jibu likifika baada ya sekunde nne, watajua kiko umbali wa mita 3,000, kwani sauti imekwenda na kurudi. Wakipima hivyo kutoka sehemu tatu mbalimbali, hutambua mahali kilipo.

Kisha hutoa mlio wa pili, ambao ni amri. Kifungo hufunguka, nanga ikabaki chini, na maboya yakapaa pamoja na kamba na vifaa vyote.

Katika bahari iliyo wazi, kazi ingekuwa imekwisha. Chini ya barafu, maboya hugota kwenye dari nyeupe na kukwama. Katika Ncha ya Kaskazini, ambako kina cha bahari hupita mita 4,000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walikabili tatizo hilo katika mradi ulioanza mwaka 2000. Walifika kwa ndege na kupiga kambi juu ya barafu yenyewe, wakayeyusha matundu ya kuteremshia na kupandishia vifaa.

Barafu hiyo haitulii. Tundu lililotobolewa asubuhi laweza kuwa mbali na kifaa ifikapo jioni, kwa hivyo saa ya kutoa amri sharti ipigiwe hesabu. Anayezamia kwenda kufunga kamba ya kuvutia naye hufungwa kamba, kwani hana pengine pa kuibukia ila tundu aliloingilia.

Huko Antaktika, mambo ni magumu zaidi. Mabamba ya barafu yanayoelea huko yana unene wa mamia ya mita, na hakuna mzamiaji awezaye kuingia chini yake. Hutumwa nyambizi ndogo zinazojiendesha, ambazo sharti zirudi zenyewe.

Si zote zirudizo. Mnamo Februari 2005, nyambizi ya Uingereza, Autosub2, ilipotea chini ya bamba la Fimbul. Mwaka 2009, Autosub3 iliingia mara sita chini ya barafu ya Pine Island na kurejea kila mara. Nyambizi ya Uswidi iitwayo Ran ilichunguza sehemu ya chini ya bamba la Dotson kwa siku 27 mwaka 2022, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kuleta ramani za kina za barafu hiyo. Iliporudishwa huko Januari 2024, ilizama chini ya barafu na haikuonekana tena. Ramani za safari ya kwanza zilisalia kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kutolewa ndani yake.

Kwa nini kuhatarisha mali kiasi hicho? Mabamba hayo ni kama kizuizi kinachozuia barafu ya nchi kavu isiteremke baharini. Maji yenye joto huyala kutoka chini, mahali ambapo setilaiti haiwezi kuona. Kizuizi kikilegea, barafu ya nchi kavu hushuka kwa kasi na kuinua bahari duniani kote, Lamu na Mombasa zikiwemo.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Chini ya barafu, hata kuyafika hakutoshi, mpaka chombo kirudi na habari.