Mtoto Asiyeelewa Darasani: Mahitaji Maalumu ya Kujifunza Shuleni na Nyumbani Kalemie

Tangu Septemba 2019, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoanza kuitekeleza kwa vitendo ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, inayosema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na haina malipo, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa karo wamepata njia ya kuingia shuleni. Kalemie, mji mkuu wa jimbo la Tanganyika, ni miongoni mwa miji ambamo agizo hilo linawahusu watoto wa kila hali: anayeona vizuri na asiyeona ubao, anayesikia na asiyesikia, aliyezaliwa mjini na aliyeletwa na vita kutoka vijijini. Hata hivyo, kuandikishwa si kujifunza. Mtoto anaweza kukaa dawatini miaka mitatu, akavaa sare na kuitika jina lake kila asubuhi, bila kusoma sentensi moja. Kumsaidia mtoto wa namna hiyo hakuanzi na jengo jipya wala mashine ya bei kubwa, bali huanza pale mwalimu na mzazi wanapojua kwa hakika ni kitu gani kinachomkwamisha, kwa kuwa msaada unaotolewa bila kujua kikwazo mara nyingi hugeuka adhabu.

Maana na aina za mahitaji

Mwanafunzi husemwa kuwa na mahitaji maalumu ya kujifunza pale asipoweza kufuata masomo kwa njia wanayoitumia wenzake mpaka abadilishiwe njia hiyo, apewe kifaa au aongezewe muda. Aina za mahitaji hayo ni nyingi. Zipo zinazotokana na mwili na milango ya fahamu, kama uziwi, uoni hafifu, kupooza kwa viungo na ualbino, hali ambayo, pamoja na kuathiri ngozi, hupunguza nguvu ya macho. Zipo zinazogusa ukuaji wa akili, kama ulemavu wa akili, na usonji, ambao humfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti na ya wenzake. Zipo pia zisizoonekana kwa macho, na hizi ndizo zinazowapotosha walimu zaidi: disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake ingawa mtoto ana akili timamu, diskalkulia, yaani ugumu wa namna hiyo katika hesabu, na upungufu wa umakini, ambao humfanya mtoto ashindwe kutulia au kumaliza kazi aliyoianza.

Wazo la kumtambua mapema mtoto anayehitaji msaada lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1904 wizara ya elimu ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza watoto waliokuwa wakishindwa masomo, na mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa maswali ya kwanza ya kupimia uwezo wa kufikiri. Shabaha ya Binet ilikuwa kumpata mtoto ili asaidiwe, ingawa baadaye vipimo vya namna hiyo vilitumiwa na wengine kuwatenga watu na kuwapanga kwa madaraja. Hatari hiyo ingalipo katika kila shule, kwa maana mtoto akishaitwa mjinga mbele ya wenzake, jina hilo humfuata kuliko alama zake. Ndiyo maana tamko lililotolewa Salamanca, Hispania, mwaka 1994 lilisisitiza elimu jumuishi, yaani elimu ambayo shule ya kawaida hujirekebisha ili impokee kila mtoto, badala ya kumtaka mtoto ajirekebishe ili aifae shule.

Vyanzo vilivyo karibu na Ziwa Tanganyika

Baadhi ya vyanzo vya matatizo ya kujifunza hutokana na mazingira yanayojulikana kwa kila familia ya Kalemie. Malaria ni cha kwanza. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kupona malaria ya ubongo, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa amebaki na udhaifu katika uwezo wa kufikiri, kukumbuka au kuzingatia. Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye degedege hospitalini humshukuru Mungu kwamba mtoto amepona, na hupita miaka bila yeye kuhusisha ugonjwa ule na daftari lililojaa makosa. Homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio usiotibiwa huweza kupunguza usikivu, na kwinini nayo, ikitolewa kwa kipimo kikubwa, huweza kudhuru masikio. Kwa sababu hiyo, historia ya magonjwa ya mtoto ni habari ambayo mwalimu anastahili kuipata siku ya kumwandikisha.

Chanzo cha pili ni vita. Mapigano kati ya wanamgambo wa Batwa na wa Baluba, yaliyopamba moto upya mwaka 2016 na 2017, yalizikimbiza familia nyingi hadi pembezoni mwa Kalemie, ambako kambi kama ya Katanika zilijaa watu, huku shule nyingi za vijijini zikiharibiwa. Mtoto aliyeshuhudia mambo hayo anaweza kuwa mkimya kupita kiasi, akashtuka kwa kelele ndogo au akasahau alichofundishwa jana, na dalili hizo hufanana na za ulemavu wa akili ilhali chanzo chake ni hofu. Tena mtoto aliyepoteza miaka miwili ya masomo na kuwekwa darasa moja na wadogo zake hana ugonjwa wowote, ila ana pengo ambalo lisipozibwa kwa masomo ya ziada litazidi kupanuka.

Chanzo cha tatu, kinachosahaulika zaidi, ni lugha. Katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa, hutumika kufundishia, kisha Kifaransa hushika nafasi yake. Tofauti ya tahajia za lugha hizo mbili ni kubwa. Neno *samaki* hukatwa sa-ma-ki, na kila silabi husomwa jinsi ilivyoandikwa, lakini katika Kifaransa herufi tatu za neno *eau*, lenye maana ya maji, hutoa sauti moja tu ya *o*, sauti ambayo katika maneno mengine huandikwa *au* au *o*. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia nyepesi, aliyeweza kujikongoja katika Kiswahili, huweza kuanguka ghafla afikapo kwenye Kifaransa. Kwa upande mwingine, mtoto asiye na tatizo lolote huweza kuhesabiwa mgonjwa kwa sababu tu anasomeshwa kwa lugha asiyoielewa, na hali huwa ngumu zaidi kwa mtoto aliyetoka Manono au Nyunzu akizungumza Kiluba, ambaye hata Kiswahili amekikuta mjini.

Uchunguzi ndani ya darasa

Mwalimu si daktari, wala haimpasi kutoa majina ya magonjwa, lakini yapo mambo anayoweza kuyachunguza kwa chaki na dakika chache. Ili kupima macho, huchora herufi E kubwa kwenye karatasi, akaigeuza mara juu, mara chini, mara kushoto, mara kulia, na mtoto aliyesimama hatua kadhaa mbali naye huonyesha kwa vidole upande ambao miguu ya herufi inaelekea, jambo ambalo hata asiyejua kusoma hulifanya. Mtoto anayekosea mahali ambapo wenzake wanapatia hupelekwa kwa mganga wa macho. Ili kupima masikio, mwalimu husimama nyuma ya mtoto na kutaja kwa sauti ya chini majina ya vitu vya kawaida, kama *ndoo*, *mtumbwi* na *chumvi*, na mtoto huyarudia bila kuona midomo ya msemaji. Ili kutofautisha tatizo la lugha na tatizo la kusoma, humpa kifungu kifupi cha lugha anayoizungumza: akikisoma vizuri na kukieleza, kikwazo ni Kifaransa, lakini akichanganya *b* na *d* na kuruka silabi hata hapo, usomaji wenyewe ndio unaohitaji msaada.

Baada ya uchunguzi hufuata marekebisho. Mtoto mwenye uoni hafifu hukaa mbele, na mwenye ualbino hukaa mbele pia lakini mbali na dirisha linaloingiza jua kali, huku maandishi ubaoni yakiwa makubwa na yakisomwa kwa sauti. Asiyesikia vizuri huwekwa mahali anapouona uso wa mwalimu, ambaye hujizuia kusema akiwa ameugeukia ubao. Mwenye disleksia hafai kulazimishwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa. Hufundishwa silabi kwa mpango, akiziandika mchangani kwa kidole huku akizitamka, na baadhi ya mitihani yake hufanywa kwa mdomo. Asiyetulia hupewa kazi fupi fupi, na katikati yake hutumwa kufuta ubao au kugawa madaftari. Ni kweli kwamba darasa lililojaa watoto kupita kiasi humwelemea mwalimu, lakini mengi ya marekebisho haya huwafaa wanafunzi wote, na rafiki mmoja aliyepewa jukumu la kumsomea mwenzake hupunguza sehemu ya mzigo huo.

Wajibu wa nyumbani

Nyumbani ndiko mtoto anakotumia saa nyingi zaidi, na huko msaada hauhitaji vitabu. Mama anayeuza ndagala sokoni anaweza kumpa mtoto anayesumbuliwa na hesabu kazi ya kupanga mafungu yenye samaki kumi kumi juu ya meza, akamwuliza mafungu matatu yana samaki wangapi, kisha, ikiwa fungu moja ni franka 500, mteja aliyenunua mafungu mawili na kutoa franka 2,000 arudishiwe ngapi. Mtoto aliyeshindwa na tarakimu ubaoni mara nyingi huelewa anapoishika hesabu mikononi, na kutoka hapo huweza kurudishwa polepole kwenye daftari. Vivyo hivyo, hadithi inayosimuliwa jioni, kisha mtoto akaombwa airudie kwa mpangilio wake, hujenga kumbukumbu na msamiati wa mtoto ambaye kusoma bado kunamshinda.

Yapo pia ya kuachwa. Fimbo haimfundishi kusoma mtoto ambaye macho yake hayaoni, na kumlinganisha kila siku na ndugu yake humwongezea aibu bila kumwongezea maarifa. Hatari kubwa zaidi ni kulihusisha tatizo na uchawi, kwa kuwa mtoto mwenye kifafa, usonji au ulemavu wa akili huweza kushutumiwa, kufukuzwa au kupelekwa kwenye maombezi ya kufunga chakula. Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshutumu mtoto kuwa mchawi, na wachungaji na wazee wa mitaa wana wajibu wa kulitangaza hilo.

Sheria, majirani na hatua zinazongojewa

Kongo haikosi sheria. Ibara ya 49 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu, nchi iliridhia mwaka 2015 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu jumuishi, na Sheria Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imeweka haki hizo katika sheria za taifa. Kinachokosekana ni daraja kati ya maandishi hayo na darasa la Kalemie: mafunzo ya walimu, mahali pa kuwapima watoto, na utaratibu wa kumwongezea muda mwanafunzi mwenye haja katika mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi.

Mifano ya kujifunzia haiko mbali. Ng'ambo ya ziwa, reli inayotoka Kigoma hufika Tabora, ambako shule ya viziwi ilifunguliwa mwaka 1963, na Kenya imekuwa na chuo chake cha elimu maalumu, KISE, tangu 1986. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alianza na shule ya viziwi nchini Ghana mwaka 1957, kisha akasaidia kuanzisha shule nyingine katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Shule za pekee za namna hiyo zinahitajika kwa mtoto kiziwi kabisa, ambaye lugha ya ishara ndiyo lugha yake ya kwanza ya kufikiria, lakini haziwezi kuwapokea maelfu ya watoto wenye matatizo madogo waliotawanyika katika shule za kawaida. Hao watasaidiwa na mwalimu wao wa kila siku au hawatasaidiwa kabisa.

Kwa hiyo mwaka wa masomo unapoanza Septemba, kila kamati ya wazazi ikubaliane na walimu juu ya mambo matatu: kila mtoto wa darasa la kwanza apimwe macho na masikio, mzazi aeleze magonjwa makubwa na safari za ukimbizi alizopitia mtoto, na mwalimu aandike katika daftari moja kile kinachomshinda kila anayebaki nyuma pamoja na msaada uliojaribiwa. Daftari hilo halimalizi kazi ya serikali, ila litamnyima kila mkubwa wa elimu kisingizio cha kusema kwamba watoto hao hawajulikani walipo.