Kwanza Nioneshe Kadi ya Kliniki

"Ana miezi miwili, nimpe maziwa ya kopo kiasi gani?" Swali hilo halijibiki kwa miezi peke yake. Watoto wawili wa umri huo wanaweza kupishana kilo nzima, kwa hiyo mimi huomba kwanza kadi ya kliniki nione uzito. Hesabu ni mililita 150 hivi kwa kila kilo, kwa saa 24. Mwenye kilo 4 atahitaji kama 600; akila mara 8, ni 75 kila mara. Wa kilo 6 atafika 900, yaani 150 mara 6. Usiendelee kupandisha tu kila akiongeza kilo: kama lita moja kwa siku yatosha, na akitimiza miezi 6 aanze uji na vyakula vingine laini.

Kichanga wa siku moja hayumo katika hesabu hiyo. Huyo mililita 20 kwa mlo zinamtosha, kisha huongezewa kidogo kidogo hadi juma liishe.

Hata hivyo, mwenye tumbo ni mtoto. Akifumba mdomo au akigeuza uso, ameshiba, ijapokuwa chupa haijaisha. Najua inavyouma kumwaga maziwa kwa bei ya kopo siku hizi, lakini kumlazimisha amalizie ni kumfundisha kutosikiliza shibe yake. Nepi 6 zilizolowa kwa siku na mstari wa uzito unaopanda kwenye kadi vitakwambia kama anapata ya kutosha.

Bei hiyohiyo ndiyo inayomfanya mzazi azimue: kijiko kimoja badala ya viwili ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Kwa macho chupa imejaa, mililita zimetimia, na mtoto anakonda. Maji mengi kupita kiasi huweza pia kushusha chumvi mwilini hadi akapata degedege. Kopo likielekea kuisha na fedha hakuna, mwone muuguzi mapema. Na kama ziwa bado linatoa, usimwachishe mtoto.

Kuzidisha unga nako hukausha maji mwilini, na mara nyingi hutokea bila kukusudia. Maji yaliyochemshwa, yakiwa bado ya moto sana, hutangulia kwenye chupa. Unga hufuata, kisha maziwa hupozwa kabla ya kumpa. Ukitanguliza unga, halafu ukajaza hadi mstari wa 120, maji uliyotia hayakufika 120.